Kadi Zisizosomwa na Mashine

Chumba cha mashine katika kiwanda cha chokaa cha Mawe Matatu, maili nne nje ya mji wa Tororo, hakikuwa na dirisha. Zamani lilikuwapo, lakini mashine ilipoletwa kutoka Nairobi mwaka 1966, wahandisi walisema vumbi la chokaa lingeiua, basi dirisha likazibwa kwa matofali na mtambo wa baridi ukawekwa ndani. Wafanyakazi wa tanuri hawakuruhusiwa kuingia. Walisikia tu ngurumo yake kupitia ukutani, wakaiita Kabati. Na mwanamke aliyeshinda humo ndani kutwa nzima wakamwita Mke wa Kabati.

Jina lake lilikuwa Hajarah, binti wa Badiru mwenye malori wa Busia. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na mume wa kweli pia: Jamilu, dereva, ambaye alihamishiwa Kisumu miezi miwili tu baada ya harusi. Walikubaliana kwamba Jamilu atangulie, atafute chumba, kisha Hajarah amfuate. Hiyo ilikuwa Machi 1967. Mei ya mwaka uliofuata chumba kilikuwa kimepatikana zamani, na Hajarah alikuwa bado Tororo.

Kilichomshika kilikuwa sentensi moja. Kampuni ilipompeleka Nairobi miezi sita kujifunza kuiandikia mashine maagizo yake, alitia sahihi mkataba kwamba ataitumikia miaka mitano, au mpaka apatikane mtu mwingine awezaye kuisoma na kuiendesha kazi yake. Siku ile, lile neno "au" alilihesabu kuwa mlango. Hakujua kwamba mlango huo angeupigia misumari kwa mkono wake mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila asubuhi maabara ilileta vipimo vya mawe na udongo wa machimbo matatu, na watu wa mizani wakaleta uzito. Kabati ikapiga hesabu ya kuchanganya: udongo kiasi gani, mawe kiasi gani, moto kwa saa ngapi. Maagizo ya hesabu hiyo yalikuwa kwenye kadi mia tisa zilizotobolewa matundu, kila kadi mstari mmoja. Hajarah ndiye aliyeyatunga yote.

Mwalimu wa Nairobi aliwafundisha jambo moja ambalo darasa zima lililicheka. Kadi ikianza na herufi C, alisema, mashine huiruka. Haitendi lolote juu yake, huichapa tu kwenye karatasi. "Sasa kazi yake nini?" mwanafunzi mmoja aliuliza. "Ni ya mtu atakayekuja baada yako," mwalimu akajibu.

Katika kadi mia tisa za Hajarah hamkuwa na C hata moja.

Hakuwa mvivu. Wiki yake ya kwanza kiwandani alipita nje ya ofisi ya meneja, Bwana Imalingat, akamsikia akisema kwenye simu: "Akishamaliza kuiandika, tutaweka mwanamume hapo." Hajarah alirudi chumbani kwake, akakaa mbele ya mashine ya kutobolea kadi, akaanza kazi. Udongo hakuuita udongo, aliuita K4. Joto la tanuri akaliita K7. Hakuandika uongo mahali popote. Alinyamaza tu.

Na ukimya ule ulimfaa, kwa muda. Imalingat alileta kijana mwenye digrii kutoka Kampala. Alikaa na karatasi za kazi ile wiki tatu. Kila alipouliza, Hajarah alimjibu swali lile alilouliza, wala hakumwongezea neno. Mwisho kijana alifunga sanduku lake, akarudi kwao. Wa pili alidumu siku kumi na moja. Siku alipoondoka huyo wa pili, Hajarah alijinunulia kitenge kipya sokoni.

Jamilu alipohamishwa ndipo Hajarah alipoelewa alichokifanya.

"Mimi sikukatazi kumfuata mumeo," Imalingat alimwambia, mara ya kwanza na mara ya tano. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri, na barua kutoka makao makuu zilizompa onyo kwamba mashine isisimame hata siku moja. "Nipe mtu anayeweza kuisoma kazi yako, utaondoka jioni hiyo hiyo. Lakini nimeleta wawili, Bi Hajarah. Wewe mwenyewe umeona."

Hata Jumapili walimwita. Akienda Busia kumsalimia mama yake, gari la kiwanda lilikuja kumchukua kabla chai haijapoa. Barua za Jamilu zilianza kuwa fupi. Ya mwezi wa Aprili ilikuwa na mistari minne, na mmoja ulihusu mvua.

Basi Juni, siku ya Jumatatu, Rasto alikuja kazini amechelewa. Rasto alikuwa mtoboaji wa kadi, Msamia wa upande wa Kenya, mwanamume wa makamo aliyeishia darasa la nane. Siku za kazi alipanga chumba pale Mukuju.

"Dada Hajarah," alisema kabla hajavua kofia, "ukuta wa zahanati umeanguka."

"Zahanati ipi?"

"Ile mpya, ya kanisa. Umeinama Jumamosi mchana, ukaenda na jukwaa. Fundi Ogwang alikuwa juu. Mguu umevunjika mahali pawili." Akavua kofia. "Kamati ya kanisa inasema aliiba chokaa, akajazia mchanga. Wamemfukuza akiwa bado hospitalini."

Chokaa ya zahanati ile ilitoka Mawe Matatu. Hajarah alianza kutilia shaka hesabu zake, kwa sababu mwezi mzima maabara ilikuwa ikilalamika kwamba chokaa inavunjika kama biskuti, na watu wa tanuri wakilaumu kuni mbichi. Aliomba karatasi za hesabu, akazitandaza sakafuni, akapiga magoti.

Kwenye kadi ya mia mbili na kumi na nne alisimama. Pale K4 ilizidishwa kwa sifuri nukta nane saba. Kila asubuhi, kwa mwaka mzima na zaidi, mashine ilichukua uzito wa udongo na kuupunguza kwa sehemu hiyo kabla ya kuendelea. Kwa nini? Alijaribu kukumbuka. Unyevu wa mvua? Hapana, unyevu ulihesabiwa kwingine. Aliisoma juu chini, akaenda kunywa maji, akarudi. Matundu yalikuwa ya mkono wake, lakini hayakumwambia kitu. Vijana wawili walishindwa kuisoma kazi ya Hajarah, na wa tatu kushindwa alikuwa Hajarah.

Baridi ya chumba kile ilimwingia mifupani. Alitazama mahali palipokuwa na dirisha.

Jambo moja tu lilibaki kichwani: nambari ile alipewa na mtu. Mzee Egau, aliyekuwa msimamizi wa mizani, alistaafu mwisho wa mwaka 1967 akaenda kuishi Majanji. Jumapili Hajarah aliomba kiti katika lori la baba yake lililokuwa likienda kuchukua samaki ziwani. Hakumuaga mtu kiwandani.

Alimkuta Egau mwaloni, mahali mitumbwi hushusha samaki, anapima ngege na mumi kwa mizani ya kuning'iniza, na kugombana na mwanamke aliyedai mshale umepinda.

"Mshale iko sawa," Egau alikuwa anasema. "Samaki yako ndiyo nyepesi." Alipomwona Hajarah alikunja uso. "Wewe binti ya Kabati. Nani amekufa?"

"Bado hakuna, mzee. Nimekuja kuuliza. Mwaka jana ulinipa nambari. Sifuri nukta nane saba. Ilikuwa ya nini?"

Egau alimtazama kama anayengoja kuambiwa ni mzaha. "Wewe nakuja Majanji kuniuliza hiyo? Wewe hukuandika?"

"Sikuandika."

"Mizani ya pili, ile ya udongo. Jiwe ilianguka juu yake, chuma ikapinda. Mshale nasema mia, kumbe ndani iko themanini na saba. Mimi naomba fundi, fundi hakuna. Nakuja kwako, nasema, mizani nadanganya, wewe ondoa uongo yake ndani ya mashine. Umesahau?"

Sasa alikumbuka yote, hata shati alilovaa Egau siku ile. "Na kama mizani ingetengenezwa?"

"Basi ile nambari sasa ndiyo uongo," Egau alisema, akamgeukia mwenye samaki.

Jumatatu asubuhi Hajarah aliwauliza mafundi wa mitambo. Ndiyo, walisema, mizani ya pili ilipata chuma kipya Aprili. Hakuna aliyewaambia kwamba Kabati ingehusika. Wangejuaje? Mashine ilipokea kilo mia za kweli, ikaamini ni themanini na saba, ikaagiza udongo uongezwe. Chokaa ikawa na udongo kupita kiasi. Hajarah aliitoa nambari ile, na siku ya tatu maabara ikaleta habari njema. Imalingat alipita chumbani, akashika mkono wa Hajarah kwa mikono yote miwili. "Unaona? Bila wewe tungefanya nini?"

Hajarah alisikia maneno yale kama komeo linalofungwa.

Mchana ule alimwita Rasto. "Nataka kuandika kadi za C," alisema. "Kazi yote. Na wewe ndiye utakayezisoma, uniambie kama unaelewa."

"Mimi? Mimi natoboa tu, dada."

"Ndiyo maana."

Kwanza alimwandikia kadi kumi, akazichapa. Rasto alizisoma akifuatisha kwa kidole. Moja ilisema: *Zidisha K4 kwa K9.*

"Hii naiona mwenyewe," Rasto alisema taratibu, akiogopa kumkosea. "Hapa chini pameandikwa zidisha. Nilichotaka kujua ni kwa nini. Na huyu K4 ni nani?"

Hajarah alizikusanya. Akazitupa kadi zote kumi, akaanza upya. Aliandika kwa Kiswahili, kwa sababu kiwandani palikuwa na Wateso, Wajopadhola, Wasamia na Wajaluo, na Kiingereza cha ofisini wengi walikisikia kwa sikio moja. Hakueleza tena mashine inafanya nini. Alieleza kwa nini, nani alisema, lini, na ni jambo gani likibadilika mstari huo nao lazima ubadilike. *Machimbo ya tatu yana mawe ya chumvi, ndiyo maana moto unaongezwa saa moja. Maabara wakikuambia chumvi imepungua, anza hapa.* Mahali pengine hakukumbuka sababu, akalazimika kwenda kuitafuta kwa watu wa tanuri, ambao walishangaa kumwona Mke wa Kabati amesimama kwenye vumbi akiuliza maswali. Mahali pawili hakuipata kabisa. Hapo aliandika: *Sijui kwa nini. Usiguse kabla hujajua.*

Kwa wiki kumi na moja Rasto alisoma, akauliza, akakataa. Akisema "sijaelewa", Hajarah alirudia. Na kwenye kadi ya mia mbili na kumi na nne, ambako badala ya 0.87 sasa palikuwa na moja kamili, aliweka kadi sita za C:

*Hapa palikuwa na 0.87 tangu 1967, kwa sababu mizani ya pili ilipinda. Mizani ilitengenezwa Aprili 1968. Nambari ikabaki, kwa kuwa mimi sikuandika ni ya nini. Chokaa ya Aprili mpaka Juni ilikuwa na udongo kupita kiasi. Ukuta wa zahanati ya Mukuju ulijengwa kwa chokaa hiyo. Mizani yoyote ikiguswa, njoo hapa kwanza. Hajarah B.*

Septemba kiwanda kilifungua machimbo ya nne. Hajarah alimwambia Imalingat, "Nitakaa nje. Rasto atayaingiza." Alikaa kwenye benchi la mlinzi tangu saa mbili hadi saa nane mchana. Rasto alipotoka, shati lilikuwa limemganda mgongoni licha ya baridi ya ndani, na mkononi alikuwa na karatasi. Maabara waliikagua hesabu mara mbili. Ilikuwa sawa.

Imalingat alicheka kwa sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Aliichukua kazi yote, karatasi ndefu kama mkeka, aisome mwenyewe. Ijumaa alimwita Hajarah ofisini. Mezani palikuwa na barua mbili zilizopigwa taipu: ya kumwachilia, na cheti cha kazi chenye sifa nyingi. Zilikuwa bado hazijatiwa sahihi.

"Nimesoma kila kitu," alisema. "Hata mimi nimeelewa. Kazi nzuri sana. Kuna kadi sita tu." Aliweka kidole kwenye karatasi. "Hizi utazitoa."

"Kwa nini, bwana?"

"Kwa sababu makao makuu watasoma. Wanasheria watasoma. Mashine haizihitaji kadi hizi, Bi Hajarah, haizioni hata kidogo. Ukizitoa, hesabu itabaki vile vile." Sauti yake ilishuka. "Mimi nina watoto saba. Zitoe, Jumatatu nisaini, uende Kisumu."

"Na asiyezijua? Mizani ikipinda tena?"

"Rasto anajua."

"Egau naye alijua," Hajarah alisema.

Lakini hakukataa. Aliomba apewe mpaka Jumatatu. Njia nzima ya kurudi nyumbani alijiambia kadi sita si kitu. Alitaka jambo moja tu la kumpa ruhusa: aone kwamba Ogwang amepona, ana kazi, amesahau. Jumamosi asubuhi alipanda baiskeli nyuma ya Rasto mpaka Mukuju.

Ogwang alikuwa amekaa mlangoni kwake, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, mkavu kama kuni. Mkewe aliwaletea viti. Hajarah alijitambulisha kuwa anafanya kazi kiwandani, basi, na akauliza hali.

"Mguu utapona wenyewe upendavyo," Ogwang alisema. "Kinachonitesa ni hesabu. Mimi nimeweka karai moja ya chokaa kwa tatu za mchanga tangu nikiwa kijana. Lakini watu wote wanasema nimekosea. Basi nakaa hapa, nahesabu makarai ya siku zile, moja moja. Mwanzo nilijua nimehesabu sawa. Siku hizi sijui tena. Naona labda kweli niliweka nne." Alimtazama Hajarah. "Wewe umesoma, mama. Mtu anaweza kuiba na asijue?"

Hajarah aliutazama ule mguu. Alijiona amekaa sakafuni mbele ya karatasi zake, anageuza kichwani kitu ambacho sababu yake haipo popote. Tofauti ilikuwa kwamba yeye alijua mtu wa kumuuliza. Ogwang alikuwa hana.

Katika mkoba alikuwa na karatasi iliyochapwa zile kadi sita. Alikuwa ameichana kutoka kwenye nakala yake ili, alijiambia, aisome mara ya mwisho. Aliitoa, akampa mke wa Ogwang.

"Mpelekeeni katekista aisome mbele ya kamati," alisema. "Yote, na jina langu lililo chini. Fundi, uliweka tatu. Kosa lilikuwa langu."

Ogwang aliipokea karatasi kutoka kwa mkewe, akaikunja bila kuisoma. Kisha akamwambia Hajarah, kwa upole zaidi kuliko alivyostahili, "Nenda sasa. Nikikasirika nataka uwe mbali."

Jumatatu saa nne habari zilikuwa zimefika kiwandani. Imalingat hakumgombeza. Alizichana zile barua mbili mbele yake, vipande vinne vinne, akamwandikia nyingine kwa mkono: ameachishwa kazi kwa kutoa siri za kampuni, na hatapewa cheti. "Ulikuwa unaomba kutoka mwaka mzima," alisema, macho yake mekundu zaidi. "Toka."

Kamati ya Mukuju ilimwomba Ogwang radhi na kumrudishia kazi, ingawa hakupanda jukwaa tena. Alisimama chini na fimbo akiwaelekeza wengine. Rasto aliendelea na Kabati. Aliagizwa azitoe kadi sita, akazitoa. Wiki moja baadaye makao makuu, ambao walikwishasikia habari ya zahanati, waliagiza zirudishwe, akazirudisha. Imalingat alihamishwa.

Hajarah alivuka Busia kwa lori la baba yake, amebeba sanduku moja na godoro. Kisumu alizunguka kwenye ofisi zote zilizokuwa na mashine, na kila mahali waliuliza cheti. Mwisho alipata kazi ya kupiga taipu kwenye duka la vipuri. Yeye na Jamilu walikuwa wameoana karibu miaka miwili na kuishi pamoja miezi miwili. Chumba kilikuwa kidogo, na kila mmoja alikuwa na mazoea asiyoyajua mwenzake. Siku za mwanzo walikuwa wakiombana radhi kama wageni.

Mwezi wao wa tatu pamoja, wakichambua mchele pamoja kwenye ungo mmoja, Jamilu aliuliza alichokuwa akikizunguka tangu siku ya kwanza.

"Ungezitoa zile kadi, ungekuja na cheti."

"Ndiyo."

"Unajuta?"

Hajarah aliokota kijiwe, akakitupa nje ya mlango. Alifikiri kusema hapana, kwa kuwa ndilo jibu zuri.

"Kuna siku najuta," alisema. "Kaa nikueleze kwa nini." Akaanza tangu mwanzo, tangu ile simu aliyoisikia mlangoni mwa meneja, na Jamilu akaacha mchele, akamsikiliza.